Mtani Niliyekuzika Kimya

Kibwana, mtumwa wangu,

Usiinuke. Najua neno hilo likikufikia utataka kuinuka unijibu kwamba babu yangu alishuka kutoka Unyamwezi na pembe begani, na babu yako akampata kwa vipande viwili vya muhogo. Jibu hilo nimelisikia miaka kumi na miwili na sijapata kulichoka. Leo lala tu. Leo nasema mimi.

Nakuandikia kwenye karatasi ya kufungia tende, ya dukani kwa Bwana Nassor, ndiyo maana ina madoa. Ningeweza kuja makaburini nikasema haya kwa mdomo, lakini kule watu hawakomi kupita, na mimi nikianza kulia silii taratibu kama nyinyi watu wa pwani. Jana ilikuwa arobaini yako. Mambo yalitokea ambayo lazima uyajue, ila siwezi kuanza na ya jana nikayaruka ya kabla yake. Vumilia.

Kwanza habari za uani. Banda letu la makuti lipo, masika yameling'oa upande mmoja tu, ule uliouezeka wewe. Paka wako bado analala juu ya madigadi ya motakaa yoyote iliyomo, na bado hanitaki. Mtaa wa Mkunguni umejaa matope kiasi kwamba mikokoteni inasukumwa na watu wanne. Spana yako kubwa sijampa mtu. Wameiomba wawili, nikawaambia mwenyewe atarudi kuulizia, wakanitazama wakaondoka.

Kazi ndiyo imekuwa ngumu, maana tangu ulipoondoka sina pua. Unajua ile homa ya mwisho wa vita, nilipokuwa mpagazi wa jeshi: iliniachia uhai ikachukua harufu. Sisikii karafuu, sisikii papa mkavu. Fundi wa motakaa asiyesikia petroli ni mtu wa kuchekwa, na wewe ulinicheka siku ile ile tuliyojuana, ukasema Mungu amenipa mlima usoni wa pambo tu. Halafu ukanikaribisha tufanye kazi pamoja. Ulisema pua unayo ya watu wawili, ila mikono yako inatetemeka kwenye skrubu ndogo, na mikono yangu uliiona haitetemeki. Tukawa fundi mmoja mwenye miili miwili.

Ninavyokuona sasa hivi, Kibwana, ni vile ulivyokuwa ukitafuta mahali panapovuja. Unasukuma kofia nyuma. Unafumba macho. Unainama juu ya injini ukiwa umeshika kiuno, unanusa mara tatu, fupi fupi, na mdomo unapinda kushoto kana kwamba motakaa imekutukania mama. Kisha kidole kinashuka chenyewe. "Hapa, Mnyamwezi. Shika hapa." Nami naweka mkono nakujibu, "Nimeshika, mtumwa wangu." Ilikuwa hivyo kila mara, hata ikiwa mara kumi kwa siku, hata siku ambazo tuliamka tumenuniana.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mpira wa petroli huchoka kuanzia ndani. Nje unabaki mweusi unang'aa, ukiuminya unadhani umetoka dukani jana. Ukiupasua unakuta umelainika wote, vipande vimeanza kumeguka na kwenda kuziba kabureta, na mwenye gari anakwambia injini ina shetani. Ulinifundisha pia sabuni. Tangi likitoboka mko njiani, unachukua kipande cha sabuni ya mche, unakikanda kwa kidole, unapaka, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Tulirudi hivyo kutoka Bagamoyo, tangi lote limepakwa sabuni, na wewe uliimba njia nzima kwamba Mnyamwezi hatimaye amekaa karibu na sabuni.

Sasa nije kwenye siku ya maziko, ambayo nimeizunguka vya kutosha.

Walinisubiri, Kibwana. Ndugu zako wote walijua kazi yangu ni ipi. Mtani ndiye anayelala njiani mbele ya jeneza na kukataa lisipite mpaka akombolewe. Mtani ndiye anayemwigiza marehemu, anayesema alikuwa mlafi, mwoga wa mkewe, ili waliofiwa wapate pa kupumulia. Wanyamwezi wengine wa mtaani walikuja, lakini waliniachia nafasi kwa heshima, kwa vile mtani wako hasa nilikuwa mimi. Jeneza likatoka. Watu wakapunguza mwendo. Mjomba wako alinitazama kabisa usoni, akangoja, na nusu ya waliokuwapo walikuwa wamekwisha jiandaa kucheka, maana nani mtaani hajui jinsi ninavyokuigiza ukinusa?

Mimi nikatazama chini. Nikaenda nyuma ya watu, nikatembea nao, nikatia udongo kama mtu wa mbali, nikarudi nyumbani. Ulizikwa kikavu. Mzaramo mzima, mwenye mtani wake hai na mzima wa afya, akazikwa kikavu.

Walisema nimezidiwa na majonzi. Kweli nilizidiwa, lakini si hilo lililonifunga mdomo. Sababu unaijua wewe, na nilidhani tunaijua sisi wawili tu.

Tangi la motakaa ya Bwana Nassor lilikuwa linavuja penye mshono, na ili tulehemu ilibidi kwanza litolewe petroli yote. Bilula ya chini, ile ya kumwagia petroli, ilikuwa imeziba kwa kutu. Tukaamua kuvuta kwa mpira, kwa mdomo, kama tulivyozoea. Kuvuta ilikuwa kazi yangu siku zote, kwa sababu mimi harufu hainisumbui, navuta natema. Siku ile nilikuwa nimejilaza mkekani baada ya chakula, nimeshiba bada la mkeo, ule ugali wenu wa muhogo, na utani ukanipanda. Nikasema mkubwa wako leo amepumzika, vuta wewe, au Wazaramo mnajua kunyonya miwa tu? Ukasema utanionyesha. Ukachuchumaa, ukatia mpira mdomoni.

Ungevuta ukatema, yasingekuwapo haya. Lakini mimi niliinuka nikasimama mbele yako, nikasukuma kofia yangu nyuma, nikafumba macho, nikashika kiuno, nikanusa mara tatu na kupinda mdomo kushoto. Na petroli ndiyo ilikuwa inafika kinywani mwako. Ukacheka. Ukacheka na mdomo umejaa.

Sijawahi kumwona mtu akikohoa vile. Na hata ulipokuwa unakohoa, macho yanatoka machozi, ulikuwa bado unaninyooshea kidole unacheka, unajaribu kunitukana na pumzi haipo. Nikakupiga mgongoni. Nikakupa maji. Ukasema umepona, tukaendelea na kazi nyingine. Siku ya pili kifua kikaanza. Hospitali wakasema mapafu yamevimba. Siku ya sita, Kibwana.

Basi niambie, ningesimamaje mbele ya jeneza lako kukuigiza ukinusa, wakati kuigiza huko ndiko kulikokulaza ndani yake? Watu walikuwa wananiomba kitu kile kile.

Baada ya maziko sikupita tena kwako. Shemeji Mwanahawa yumo ndani ya eda, kwa hiyo nikapata kisingizio kizuri. Na yeye, ambaye kila adhuhuri alikuwa akituletea bakuli uani, akawa haleti kitu. Hilo ni la haki, mjane aliye edani halishi mafundi. Lakini zamani hata akiumwa alikuwa anamtuma mtu aje aniulize kama nimekula. Sasa hakutuma mtu. Nikajua amenikasirikia, na nikaona anastahili, na nikadhani ni kwa sababu ya kuzikwa kwako kikavu. Nikawa najiambia, hilo dogo ndilo analolijua. Akijua na lile kubwa, itakuwaje?

Motakaa ya Bwana Nassor ilikaa pale pale uani wiki nne. Hakunihimiza, Mungu ambariki. Siku moja akaja, akakaa kwenye sanduku lako, akasoma fatiha, kisha akasema kwa upole kwamba mama yake mzee anataka kupelekwa kwa dada yake na hawezi kutembea. Ningekataaje?

Nikaanza na ile bilula. Mafuta ya taa, waya mwembamba, na subira. Unajua ilinichukua muda gani? Nusu siku. Nusu siku tu, ikafunguka, petroli ikashuka yenyewe ndani ya debe bila mdomo wa mtu. Nilikaa chini pale kwenye matope nikaitazama ikitiririka. Tulikuwa na nusu siku, Kibwana, tulikuwa nazo nyingi. Nililia mpaka paka wako akashuka kwenye madigadi akaja kutazama.

Nikaosha tangi kwa maji ya moto, nikalehemu mshono, nikalirudisha. Nikabadilisha mpira mfupi unaounga bomba la shaba na kabureta, nikaukaza kwa waya. Bwana Nassor akaja, akapanda, tukawasha. Hatukufika hata kona ya Mtaa wa Kongo akaniambia nisimamishe. "Fundi, bado inanuka. Inanuka sana." Akashuka. Mimi nimekaa juu ya petroli inayovuja, injini imepata moto, na sisikii chochote. Tuliisukuma kuirudisha uani, na njia nzima nilikuwa nafikiria mama yake mzee ameketi kiti cha nyuma na cheche moja.

Siku mbili niliitafuta. Nilipitisha vidole kila mahali, lakini petroli hukauka kabla kidole hakijaiona. Nikafikia kumwomba muuza kahawa aninusie, akanusa akasema inanuka motakaa yote. Ndipo nilipojua uliondoka na nini. Nilianza kusema niache, nikafanye kazi ya bandarini, nibebe magunia, magunia hayahitaji pua.

Siku ya tatu nilikuwa sokoni Kariakoo. Mwanamke mmoja alimwagikiwa unga wa muhogo chini, na manyunyu yakaanza, na kila tone likaacha doa la kijivu juu ya ule weupe. Nikasimama pale watu wananisukuma. Nilikwisha ona la kufanya. Unga pale ulikuwapo wa kila namna, ningeuchukua nikaondoka, lakini miguu ikanipeleka kwako.

Nilibisha hodi. Bi Tatu, shangazi yake Shemeji, ndiye anayekaa naye edani, akaniweka barazani, na Shemeji akawa ndani nyuma ya pazia. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikasema nimekuja kuomba unga wa muhogo kidogo. Akauliza, wa kupika? Nikasema hapana, wa kunusia. Nikamweleza: nitaunyunyiza juu ya bomba na kabureta, na petroli itakapotoka itauchora doa, na jicho langu litaona kile ambacho pua yako ingesikia. Nilipotaja pua yako ikawa basi, na kilichotoka baada ya hapo sikukipanga. Nilimwambia yote, Kibwana. Mkeka, mpira, kofia, mdomo kupinda kushoto. Nilisema nikitazama sakafu, na Bi Tatu ameshika shavu.

Nyuma ya pazia Shemeji akasema, taratibu, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia kukukemea wewe:

"Alinieleza mwenyewe, Maganga. Siku ile ile. Alinieleza akacheka, akakohoa, akacheka tena. Alisema, Mnyamwezi leo kaniweza."

Nikainua macho kulitazama pazia.

"Ule ulikuwa upumbavu wenu wote wawili, watu wazima mnachezea petroli," akasema. "Hilo nimemwachia Mungu. Lakini siku ya maziko nilikaa hapa hapa nikitega sikio nikusikie njiani, unazuia jeneza, unamtukana mume wangu. Nikasikia nyayo tu. Zikaenda mpaka zikaisha. Ndilo linaloniuma."

Bi Tatu akaniletea unga kwenye kifuu. Nilipokuwa natoka, Shemeji akasema kutoka ndani kwamba arobaini ni Alhamisi.

Uliniacha miaka yote hii nikidhani nina siri na wewe, kumbe siri zote unapeleka nyumbani kwa mkeo. Mwoga wa mke, nilisema mimi.

Niliupaka unga ule kwenye motakaa ya Bwana Nassor kuanzia tangi mpaka kabureta, kila kiungo, ikawa nyeupe tupu. Nikafungua bilula ya bomba la kwenda kabureta, nikakaa nikingoja bila kuwasha. Haukupita muda, doa likaanza, dogo kama punje ya mtama, chini ya nati inayobana bomba penye kabureta. Likakua. Si mpira niliouweka, si mshono niliolehemu. Ni kile kipande cha ngozi ndani ya nati: kilikuwa kimekauka na kusinyaa wakati motakaa imekaa bila kuguswa. Nikakata ngozi mpya, nikailoweka mafuta, nikakaza. Unga mwingine, nikangoja tena. Ukabaki mweupe. Unga wa muhogo, Kibwana. Miaka yote nimewacheka Wazaramo kwa muhogo wenu, na sasa ndio pua yangu. Cheka, una haki. Bwana Nassor alikuja akanusa kwa mashaka pande zote, akampeleka mama yake, wakarudi salama.

Basi ikafika Alhamisi.

Hitima ilisomwa uani kwako, wanaume mkekani, wanawake ndani, na Shemeji nyuma ya pazia lake. Ndugu zako walinikaribisha kwa adabu tu, kwa namna ya kumkaribisha mgeni, na nilijua maana yake. Wali ukaliwa. Watu wakawa wananawa mikono. Nikasimama. Nikaomba kofia yako, Bi Tatu akaileta haraka mno, nadhani alikuwa ameishika muda wote.

Nikaivaa. Nikaisukuma nyuma. Nikafumba macho.

Nilimnusa mjomba wako kwanza, mara tatu, nikapinda mdomo, nikamwambia huyu mipira yake yote imekwisha, asiwashwe. Mtu mmoja akatoa sauti puani. Nikamnusa shehe kwenye kilemba, nikasema huyu anavuja wali. Hapo ndipo uani pakafunguka, Kibwana. Mjomba wako alicheka akashika mbavu, machozi yanamtoka, na ndugu yako mdogo, ambaye hajasema neno tangu maziko, alikuwa analia kwa sauti na kucheka kwa sauti, na mtu hakujua amshike au amwache. Nikanusa sinia, nikanusa viatu mlangoni, nikasema maneno yote uliyokuwa ukisema, kwa sauti yako. Na ilikuwa inaniuma. Usidhani haikuniuma. Kila niliponusa nilikuona umechuchumaa na mpira mdomoni.

Mwisho nikafika kwenye kigoda chako, kile cha kando ya mlango, ambacho hakijakaliwa. Nikainama juu yake. Nikanusa mara tatu. Kidole kikashuka chenyewe.

"Hapa, Mnyamwezi. Shika hapa."

Na nilipokwisha sema ndipo nilipogundua nimejitia mtegoni. Wewe nilikuwa mimi. Basi Maganga wa kujibu alikuwa nani? Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nikabaki nimeinama, kidole kwenye kigoda, macho nimeyafumba, na uani pakawa kimya, na kile kimya cha siku ya maziko kikaanza kurudi.

Pakatoka sauti nyuma ya pazia.

"Nimeshika, mtumwa wangu."

Mjane aliye edani, Kibwana, mbele ya shehe. Bi Tatu akapiga kofi la mshangao. Shehe akatazama juu kwenye makuti, akajifanya anahesabu. Kisha watu wakacheka cheko ambalo nadhani lilisikika mpaka Magomeni, na mimi nikakaa chini pale mbele ya kigoda chako nikalia kwa sauti ya kwetu bara, na hakuna aliyenikataza.

Leo adhuhuri bakuli la bada limeletwa uani. Nimekula lote.

Sasa nikuage vizuri, maana siku ile sikukuaga. Katika banda letu, maadamu mimi ni hai, hakuna mtu atakayevuta petroli kwa mdomo. Bilula ikiziba tutaizibua, ichukue nusu siku, ichukue siku nzima. Kila mwaka nitakuja makaburini nikutukane mbele ya ndugu zako mpaka waone haya. Na Shemeji akitoka eda, akitaka kuni, akitaka paa liezekwe, ataita, nami nitajibu lile jibu langu. Nimeshakaza, Kibwana. Hapavuji.

Spana yako nimeitundika ukutani. Kofia amenipa niwe nayo, imenibana kidogo, maana kichwa chako kilikuwa kidogo kuliko pua yako.

Lala, ndugu yangu. Nilikuchekesha wakati usiofaa, na wakati uliofaa nikanyamaza. Nisamehe yote mawili.

Mimi Maganga,
mtumwa wako, kwa leo tu.